Mji wa Matobolwa Usigeuke Mji wa Soda

Wenyeji wa Unyanyembe wana mapokeo kwamba jina la mji wao, Tabora, lilitokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hata vikakauka. Chakula hicho hakikuwa cha anasa. Kilikuwa chakula cha msafiri: kilikaa miezi mingi bila kuoza, mzigo wake ulikuwa mwepesi, na aliyekitafuna akashushia maji aliweza kutembea toka alfajiri mpaka jua la utosi pasipo miguu kulegea. Mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara yote ya bara ukaitwa kwa kile ulichompa mgeni ale njiani.

Leo mtu akisimama nje ya lango la shule saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko inapolia, iwe ni Tabora, iwe ni Ng'ambo hapa Unguja au Chake Chake kule Pemba, hatayaona matobolwa. Ataona mikono midogo ikinyoosha sarafu kununua maji ya rangi yaliyotiwa sukari na kufungwa katika vifuko, biskuti, pipi, vipande vya viazi vilivyokaangwa na kumwagiwa chumvi, na soda kwa yule ambaye baba yake ana uwezo. Watoto hao wanakula, tena wanakula kwa furaha. Lakini wanachokila kina sukari, chumvi na mafuta kwa wingi, na lishe kidogo mno. Hivyo ndivyo vyakula hafifu tunavyokusudia kuvizungumzia leo, na neno letu tunalielekeza zaidi kwa wenye madaraka kuliko kwa watoto au mama zao.

Huenda msomaji akauliza: Je, gazeti la watu wa visiwani lina shauri gani na Tabora? Shauri lipo, tena la siku nyingi. Njia ile kuu iliyopita Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika, ilianzia hapa kwetu. Bidhaa zilikusanywa Unguja, zikavushwa kwa majahazi hadi mrima, ndipo zikapandishwa mabegani mwa wapagazi. Wazee wetu walikuwa na msemo kwamba zumari ikipigwa Unguja hucheza walioko Maziwa Makuu. Leo zumari hiyo inapigwa mbali, katika maofisi ya makampuni makubwa ya vyakula na vinywaji, na sisi wa visiwani na ndugu zetu wa Tabora tunaicheza pamoja. Ndiyo maana tunadhani kwamba yaliyoipata njia ile ya zamani yanaweza kutufunza sote.

Fundisho la kwanza ni hili: chakula cha mtu hakiamuliwi na mdomo wake tu. Huamuliwa pia na njia inayokileta, na na wale wanaoisimamia njia hiyo.

Burton na Speke walipofika Kazeh, ambako ndiko Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea tangu mwezi wa Juni. Safari ya namna hiyo haikuwezekana bila mpango wa chakula. Kila mpagazi alikuwa na haki ya posho yake, yaani kibaba cha nafaka kwa siku, na mnyampara aliyeshindwa kuwapatia watu wake kibaba hicho alijua kwamba kabla ya jua kuchwa wangeitua mizigo na kutoroka. Merikani na shanga zilichukuliwa ili zinunue mtama na mahindi kijiji hata kijiji. Hakuna mkuu wa msafara aliyesema, "Kila mtu na ajichagulie, mimi halinihusu." Chakula cha njiani kilikuwa jukumu la uongozi.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyobadilisha mashamba. Watu wa pwani waliohamia Unyanyembe walipanda mpunga, vitunguu, miembe na michungwa. Miembe mikubwa inayoonekana hata leo Kwihara na Ujiji ni ushahidi kwamba waliopita hapo waliacha pia kitu cha kuliwa. Aidha, njia ilikuwa na wenyewe. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita na kunywa maji ya visima vyao. Neno hili siku hizi lina maana chafu, bali wakati huo lilikuwa ni ushuru wa halali, na kila mfanyabiashara aliutia katika hesabu yake kabla hajaondoka pwani. Naye Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji mwaka 1871, aliwaonyesha wakubwa wa Unyanyembe na matajiri wa Unguja kwamba mwenye njia ndiye mwenye sauti.

Tunayakumbusha mambo haya si kwa kuutukuza wakati ule. Njia ile ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na aibu yake haifutiki kwa kivuli cha mwembe. Tunayakumbusha kwa sababu siku hizi tumezoea kusikia kwamba serikali kujishughulisha na chakula kinachouzwa mbele ya watoto ni jambo la kigeni, na kwamba soko liachwe lijiendee. Hapana. Katika njia hii, bidhaa kulipa kwa kupita, na kiongozi kujibu kwa ajili ya sahani ya watu wake, ni mambo yaliyokuwapo kabla ya reli.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilomita zipatazo 840 kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, zilizokuwa safari ya miezi, zikawa safari ya siku. Sasa barabara ya lami imeungana, na malori huingia mjini usiku na mchana. Hatumlaumu mtu kwa lami wala kwa reli. Tulizitaka na tunazifurahia. Lakini njia nzuri haichagui mzigo. Lori linaloleta dawa na vitabu ndilo linaloleta kreti za soda na makatoni ya biskuti, na bidhaa hizi zina sifa moja ambayo matobolwa hayana: zina mwenye mali aliye tajiri, anayelipia mabango, anayepaka rangi duka la mwuzaji, anayempa jokofu, na anayedhamini mashindano ya mpira ya vijana. Mama anayeuza viazi vilivyochemshwa katika ungo hana bango.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu za taifa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini miaka ya 2004 na 2005 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiasi cha 18 walikuwa na uzito uliozidi kipimo. Uchunguzi wa miaka ya 2015 na 2016 uliwakuta 28, na hali ya Zanzibar ilikuwa mbaya kuliko ya Bara. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012 uliohusu watu wazima wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba robo nzima yao walikuwa na shinikizo la damu, na kiasi cha 9 katika kila 100 walikuwa na sukari nyingi katika damu. Haya si maradhi ya matajiri wa mjini peke yao, kama wengi wetu tulivyozoea kudhani. Ni maradhi ya dereva, ya mwalimu, ya mama wa nyumbani. Nayo hayatibiwi kwa sindano moja. Aliyepata kisukari hununua dawa mpaka siku ya kufa kwake, na akizikosa hupoteza mguu au macho.

Hali kadhalika, nchi hii haijamaliza vita vyake vya zamani dhidi ya njaa iliyojificha. Mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Wako wanaosema kwamba katika nchi yenye watoto waliodumaa ni upuuzi kuzungumza habari za unene. Sisi tunaona kinyume chake. Katika nyumba moja, mtoto anaweza kuwa amedumaa na mama yake kuwa na uzito uliozidi, na chanzo kikawa kile kile: chakula kinachoshibisha tumbo bila kuulisha mwili. Shilingi chache za mzazi zikienda kwenye kifuko cha maji ya sukari, haziwezi tena kwenda kwenye karanga au yai. Vyakula hafifu haviji kuondoa njaa. Vinakuja kukikalia kiti cha chakula cha kweli.

Basi tufanye nini? Jibu lililozoeleka ni elimu: watu waelimishwe, wale vizuri. Sisi hatuidharau elimu. Wenye umri mkubwa miongoni mwa wasomaji watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wakati watu walipokusanyika katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kufanya kazi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika ile ya kwanza. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo ilipoanzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Ilikuwa ni fahari kwa nchi changa, na wataalamu wa mataifa mengine walikuja kujifunza.

Lakini tuangalie kwa nini kampeni zile zilifanikiwa. Kikundi kilichosikiliza habari za choo kilitoka kwenda kuchimba choo. Somo na jembe vilikwenda pamoja. Tena wakati ule hapakuwa na sauti nyingine iliyowaambia watu wasichimbe. Hali ya leo ni tofauti kabisa. Mwalimu anapomwambia mtoto darasani kwamba sukari nyingi ni hatari, mtoto huyo akitoka nje hukuta bango lenye picha ya mchezaji wa mpira aliyeshika chupa, na chini ya bango hilo mwuzaji, na mkononi mwake mwenyewe sarafu aliyopewa nyumbani kwa sababu shuleni hakuna chakula. Kumwachia mtoto huyo elimu peke yake ni sawa na kumpa mtu mwavuli na kumwambia aogelee. Elimu ni lazima ifuatwe na hatua za serikali, na hatua hizo tunazitaja hapa moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni ushuru unaopima sukari. Ushuru wa bidhaa juu ya soda upo nchini siku nyingi, lakini hutozwa kwa lita, hivi kwamba kinywaji chenye sukari nyingi na chenye sukari kidogo hulipa sawasawa. Ushuru wa namna hiyo huijaza hazina, bali haumpi mwenye kiwanda sababu yo yote ya kupunguza sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya gramu 35 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa chupa moja mtu amekwisha kuvuka mpaka, na chai bado hajainywa.

Wenzetu wamekwisha kujaribu. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Katika mwaka ule wa kwanza manunuzi yalipungua kwa wastani wa asilimia 6, na katika nyumba za watu maskini yalipungua zaidi, kiasi cha asilimia 9. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa kila gramu ya sukari iliyozidi gramu 4 katika mililita 100. Uingereza nayo ilianza mwezi huo huo, na wenye viwanda wengi walipunguza sukari hata kabla siku yenyewe haijafika, ili wasilipe. Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali tu. Oman, ambako wengi wa wasomaji wetu wana ndugu na jamaa, na ambako walitoka wengi wa wafanyabiashara waliojenga Unyanyembe, iliweka mwaka 2019 ushuru wa asilimia 50 juu ya soda na asilimia 100 juu ya vile vinywaji vinavyosemwa kwamba huongeza nguvu. Mwaka uliofuata ikavitia humo na vinywaji vingine vyenye sukari. Muscat haikuanguka.

Hapa panahitaji uangalifu wa wakubwa wetu. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na inaweza kuamua mengi bila kumngoja mtu. Lakini ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini ni jambo la Muungano. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari wa Unguja hutibiwa na serikali moja, na bei ya soda iliyomfikisha hapo huathiriwa na uamuzi wa Bunge la Muungano. Hali hii isiwe kisingizio cha kila upande kuutazama mwingine. Wabunge wanaotoka visiwani, wakishirikiana na wenzao wa Tabora na wa mikoa mingine, wanao uwezo wa kulileta jambo hili mbele ya Bunge, na tunawaomba wafanye hivyo. Tunawaomba pia wahakikishe kwamba fedha itakayopatikana haipotei katika kapu kubwa la hazina, bali sehemu yake inayojulikana inarudi kununua chakula cha shule. Mwananchi akiona kwamba shilingi aliyotozwa kwenye soda imerudi kwa mtoto wake kama bakuli la uji, hatauita ushuru huo dhuluma.

Hatua ya pili ni lango la shule, na hii haihitaji Bunge. Halmashauri, manispaa na mabaraza ya miji yanaweza kutunga sheria ndogo juu ya kinachouzwa ndani ya shule na karibu na lango lake. Lakini tunaonya mapema: sheria hiyo isiwe rungu la kuwafukuzia akina mama. Tumeona mara nyingi jinsi amri njema inavyofikishwa kwa wananchi kwa mateke na kumwaga sufuria za watu. Mama lishe si adui wa afya. Yeye ndiye mpishi wa taifa hili, naye hupika kile kinachonunuliwa. Apewe nafasi iliyo safi karibu na shule, apewe maji, apunguziwe ada ya soko, kwa sharti kwamba auze viazi, mihogo, mahindi, karanga, mayai, uji na matunda, na si maji ya rangi. Yule anayekaanga chipsi apewe muda wa kubadili biashara, wala asivamiwe.

Ndani ya lango, pawe na chakula. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha mchana katika shule nyingi za kutwa za Bara kimebaki mikononi mwa wazazi na kamati za shule. Penye wazazi wenye uwezo na mwalimu mkuu mwenye bidii kinapatikana, pengine hakipatikani. Mtoto asiyekuwa na kitu tumboni hawezi kukatazwa biskuti. Na pawe na maji. Maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kufikishwa Tabora kwa mabomba, jambo ambalo wazee wa mji ule wasingelisadiki. Ingekuwa ajabu kubwa maji hayo yakafika mjini, na mwanafunzi akaendelea kuikata kiu yake kwa soda kwa sababu bomba la shule halina koki.

Hatua ya tatu ni kusema kweli juu ya pakiti. Chile iliamuru mwaka 2016 kwamba chakula chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kipimo kiwekewe alama nyeusi mbele ya pakiti, kwa maandishi makubwa, na kwamba bidhaa zenye alama hiyo zisiuzwe shuleni wala zisitangazwe kwa watoto. Mama asiyejua kusoma hesabu ndogo ndogo zilizoandikwa nyuma ya pakiti kwa lugha ya kigeni aliweza kuielewa alama nyeusi. Kazi hii kwa upande wa Bara iko chini ya Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula. Kwa upande wa Zanzibar uko Wakala wa Chakula na Dawa. Tunaviomba vyombo hivi viwili vikae meza moja, alama iwe moja, na iwe kwa Kiswahili.

Asitokee mtu akasema hatuwezi. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na mkulima wa Urambo anajua vyema kwamba serikali inayonunua jasho lake ndiyo iliyopitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Mwaka 1994 nchi hii iliweka kanuni za kuwazuia wauzaji wa maziwa ya kopo wasiwarubuni akina mama waliojifungua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi. Katika jambo hilo visiwa viliongoza, Bara ikafuata. Hatuoni kwa nini visiwa visiongoze tena.

Hatua ya nne inawahusu wakubwa wenyewe, na tutaisema bila kumumunya. Tumeeleza kwamba posho ilikuwa kibaba cha nafaka cha mpagazi. Leo neno hilo limehama njiani na kukaa kwenye viti vya mikutano, na pamoja na posho huletwa chupa ya soda, sambusa mbili na andazi, mbele ya kila mjumbe, hata katika semina iliyoitishwa kuzungumzia kisukari. Waraka mmoja tu wa serikali ungetosha kuamuru kwamba katika mikutano ya umma, mahospitalini na katika taasisi zote zinazolishwa kwa kodi ya wananchi pawekwe maji, madafu, matunda, karanga na viazi. Waraka huo hauna gharama. Nao ungefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ungewapa wakulima soko la uhakika, na ungewapa viongozi ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kuhimiza wanachokitenda. Hali kadhalika, michezo ya shule isidhaminiwe na wauza soda. Kama fedha ya jezi haipo, ni afadhali vijana wacheze na jezi za mwaka jana.

Yapo mapingamizi, na si yote ya kubezwa. Wako wanaosema kwamba ushuru humwumiza maskini. Ni kweli kwamba maskini ataiona nyongeza ya bei kwanza. Lakini ugonjwa nao humwumiza maskini kwanza, tena ugonjwa haumrudishii uji wa mtoto. Wako wanaosema kwamba viwanda vitafunga na watu watakosa kazi. Viwanda hivyo hivyo hutengeneza maji ya kunywa, na vinaweza kutengeneza vinywaji visivyo na sukari nyingi. Uingereza vilifanya hivyo na havikufa. Wako pia wanaosema kwamba mtu mzima ana uhuru wa kula atakacho. Tunakubali. Hatutaki askari aingie jikoni mwa mtu, wala hatuna ugomvi na bakuli la urojo la jioni au chipsi za Ijumaa. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji pawe na vitu viwili mbele ya mtu. Mtoto wa darasa la pili mwenye sarafu moja, mbele ya meza yenye maji ya rangi peke yake, hajachagua kitu.

Mwisho, tuuangalie upande wa mkulima, kwa kuwa sera inayokataza bila kuleta haitadumu. Mkoa wa Tabora una chakula. Una viazi vitamu vya kukausha, vikiwa vibichi vikaitwa michembe, vikiwa vimechemshwa vikaitwa matobolwa. Una karanga, mpunga, mahindi, mtama, uyoga wa masika, ukwaju na maembe ambayo mengi yao huoza chini ya miti wakati wa msimu. Una asali ya misitu ya miombo iliyo mashuhuri kote nchini. Nayo asali, hatutawadanganya wasomaji, ni tamu na ni sukari, bali ni heri kijiko chake kimoja katika uji kuliko chupa nzima ya soda. Kinachokosekana ni vikaushio safi, pakiti nzuri, ghala, na mnunuzi wa hakika. Vyama vya ushirika vipewe mikopo ya kazi hiyo, na shule na hospitali, za Bara na za visiwani, ziwe wanunuzi wa kwanza. Treni na lori vinavyopanda na soda vishuke na matobolwa na karanga, na jahazi livilete mpaka Malindi. Hapo biashara ya njia ile itakuwa imepata mzigo ambao hakuna atakayeuonea haya.

Katika mwezi wa Januari mwaka 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki au isishiriki katika uchaguzi wa kura tatu uliowekwa na wakoloni. Mkutano ulikuwa mgumu, na wengi walitaka kususa. Uamuzi uliotoka siku ile ukaitwa Uamuzi wa Busara, kwa sababu waliokutana waliuona mbali ya hasira ya siku moja. Jambo tulilolizungumza leo halina kishindo cha siasa. Halina maandamano wala mabomu ya machozi. Linakuja polepole, kwa sarafu za watoto, na madhara yake huonekana baada ya miaka 20, wakati viongozi waliokuwapo wamekwisha kustaafu. Kwa sababu hiyo hasa linahitaji busara ya namna ile ile.

Tunawaomba Wawakilishi na Wabunge walichukue katika vikao vyao vijavyo vya bajeti. Tunaziomba halmashauri zisingoje. Nao wazazi tunawaomba jambo moja wanaloliweza kesho asubuhi: kabla ya kumpa mtoto sarafu ya mapumziko, wamfungie kiazi.